Sholay: filamu iliyotangazwa imeanguka, ikawa ya India nzima

Tarehe 15 Agosti 1975, Wahindi wakiadhimisha siku yao ya uhuru, filamu ya Sholay ilianza kuonyeshwa Bombay. Waliokuwa nyuma yake walikuwa na kila sababu ya kukosa usingizi. Ilikuwa imemeza takriban rupia milioni 30, fedha nyingi mno kwa filamu ya Kihindi ya wakati ule. Upigaji wake ulianza Oktoba 1973 kwenye miamba ya Ramanagara, nje kidogo ya Bangalore, ukaenda kwa zaidi ya mwaka mmoja. Mtayarishaji G.P. Sippy alimpa mwanawe Ramesh, aliyekuwa mwongozaji, karibu kila alichoomba: kijiji kizima kilichojengwa chini ya miamba, mafundi wa mapigano kutoka Uingereza, picha pana ya milimita 70, na sauti inayomjia mtazamaji kutoka pande zote za ukumbi.

Siku za mwanzo watazamaji walikaa kimya. Hapakuwa na miluzi wala vifijo, na hakuna aliyerusha sarafu kwenye pazia, mambo ambayo mashabiki wa Kihindi huyafanya mara tu steringi anapojitokeza. Wafanyabiashara wa filamu waliuona ukimya huo kuwa msiba, na magazeti yao yakaandika kwamba Sippy ameanguka. Wakosoaji nao hawakuwa na huruma. Wa jarida la India Today alisema ni jaribio lenye kasoro kubwa. Wa jarida la filamu la Filmfare aliona ni filamu ya wachunga ng'ombe wa Marekani iliyopandikizwa kwenye udongo wa India ikakataa kushika, si ya huku wala ya kule. Waliosimama upande wa pili walikuwa waandishi wa mswada, Salim Khan na Javed Akhtar. Walilipia tangazo gazetini wakitabiri kwamba filamu yao itaingiza rupia milioni 10 katika kila eneo kubwa la usambazaji.

Kambi ya Sippy yenyewe iliingiwa na hofu, wakakutana kujadili kama wapige upya mwisho wa filamu. Shida ilikuwa Jai, mmoja wa mashujaa wawili wa filamu, aliyechezwa na Amitabh Bachchan: anakufa. Upigaji ulipoanza Bachchan ndiyo kwanza alikuwa anapata jina. Filamu ilipotoka alikuwa nyota, na nyota hauawi hivihivi. Yeyote aliyekulia kwenye kibanda umiza anaelewa uzito wa jambo hili, maana sheria ya kwanza tuliyofundishwa na picha za Kihindi ni kwamba steringi hafi. Ramesh Sippy aliamua kusubiri kidogo kabla ya kugusa chochote. Katika siku hizo hizo, mmoja wa wenye majumba ya sinema alimwambia asihangaike, filamu yake imeshika. Ushahidi wake ulikuwa soda na aiskrimu. Wakati wa mapumziko mauzo yameshuka, alisema, kwa sababu watu wameduwaa na hawainuki kwenye viti.

Mwenye jumba yule alikuwa na jicho kuliko magazeti yote ya biashara. Ilipofika wiki ya tatu watu walikuwa wanayasema maneno ya filamu kabla waigizaji hawajayasema. Walikuwa wamerudi mara ya pili na ya tatu. Sholay ikawa filamu ya kwanza ya India kutimiza wiki 25 mfululizo katika majumba zaidi ya 100. Kwenye jumba la Minerva, Bombay, ilikaa zaidi ya miaka mitano, mitatu katika maonyesho ya kawaida na iliyobaki katika maonyesho ya mchana.

Tuzo za Filmfare za mwaka ule ziliitaja katika vipengele tisa. Ilishinda kimoja, cha uhariri, kilichokwenda kwa M.S. Shinde. Baada ya hapo utaratibu ukageuka. Mwaka 1999 BBC India iliitangaza filamu ya milenia. Mwaka 2002 Taasisi ya Filamu ya Uingereza ilipopiga kura ya filamu bora za Kihindi, Sholay ilikaa kileleni. Mwaka 2005 Filmfare wenyewe, waliokuwa wameipa tuzo moja ya uhariri, waliipa heshima ya filamu bora ya miaka 50 ya tuzo zao. Hicho ndicho kisa ninachotaka kukichambua. Filamu haikubadilika. Nini kilitokea kati ya tuzo ile moja na heshima hii, miaka 30 baadaye?

Jibu la haraka ni fedha: ilivuta watu wengi, basi ikabaki. Jibu hilo lina tatizo, na tatizo lenyewe lilitoka mwaka huohuo wa 1975. Ni filamu inayoitwa Jai Santoshi Maa, iliyotengenezwa kwa fedha kidogo na waigizaji ambao wengi hawakuwa nyota, kuhusu mungu wa kike ambaye kabla ya hapo hakuwa na jina kubwa. Ilijaza kumbi kwa kiwango ambacho wafanyabiashara waliitaja sambamba na Sholay. Wanawake walivua viatu mlangoni mwa ukumbi kana kwamba wanaingia hekaluni, wakarusha maua na sarafu kwenye pazia. Waliofunga siku za Ijumaa kwa ajili ya Santoshi Maa waliongezeka sana baada ya filamu hiyo. Yaani iligusa maisha ya watu kwa kina ambacho filamu chache duniani zimewahi kufikia. Hata hivyo leo kijana wa Delhi hawezi kukutajia neno moja kutoka humo. Wanaoizungumzia zaidi ni wasomi wa dini na wa sinema. Ilimwacha mungu wake akiabudiwa, yenyewe ikapita. Tiketi peke yake haitoshi.

Jibu la pili ni kwamba wajuzi ndio huamua: wakosoaji, majaji wa tuzo, matamasha. Njia hiyo ipo kweli, na India yenyewe ina mfano wake. Pather Panchali ya Satyajit Ray, ya mwaka 1955, ilikamilika kwa fedha za serikali ya jimbo la Bengal Magharibi, ikatuzwa Cannes mwaka 1956, na kwa miongo kadhaa mtu wa Ulaya aliposema filamu bora ya Kihindi alikuwa anamaanisha hiyo na ndugu zake. Ni filamu kubwa na sina neno la kuipunguzia. Lakini Sholay haikupita njia hiyo. Wajuzi waliikataa. Filamu bora ya mwaka kwa Filmfare ilikuwa Deewaar, iliyoandikwa na Salim na Javed hao hao, naye Bachchan ndani yake. Deewaar nayo haijachuja, na nitasema hapo chini kwa nini nadhani hivyo. Wajuzi walikuja kwa Sholay mwishoni kabisa, mlango ulipokuwa umekwisha kufunguliwa na wengine.

Naamini waliofungua mlango huo ni watu waliokuwa wanasikiliza.

Nyimbo za Sholay zilitungwa na R.D. Burman, na katika biashara ya filamu za Kihindi nyimbo ndizo hutangulia sokoni kuitangaza picha. Safari hii kampuni ya santuri, Polydor, iliona mauzo ya nyimbo hayaendi kama ilivyotarajia. Wakaenda ukumbini kuchunguza, wakakuta watu wanatoka wakirudiarudia mazungumzo. Wakatoa santuri ya mazungumzo matupu, bila nyimbo, ikauzwa kwa wingi wa ajabu. Tafakari maana yake. Nchi ambayo mamilioni ya watu hawakuwa na televisheni, na ambako wengi wangeiona filamu mara moja au wasiione kabisa, ilipata Sholay ya kusikiliza. Ilipigwa kwenye vibanda vya chai, ilipigwa harusini kwa vipaza sauti. Mtoto wa kijijini aliweza kumjua Gabbar Singh, jambazi wa filamu hiyo, miaka kadhaa kabla hajauona uso wake.

Na maneno yenyewe yalikuwa yameandikwa yabebeke. Chukua mahali jambazi Gabbar anapotokea kwa mara ya kwanza. Tumekaa na filamu karibu saa nzima bila kumwona. Watu wake watatu wamerudi mikono mitupu kutoka kijiji cha Ramgarh, wamefukuzwa na Jai na mwenzake Veeru, wezi wawili walioajiriwa na Thakur wa kijiji hicho ili wamkamate Gabbar. Kamera haituonyeshi sura. Inatuonyesha buti zikitembea juu ya mwamba, huku na kule, na mkanda wa risasi ukiburuzwa, chuma kikikwaruza jiwe. Kisha sauti: "Kitne aadmi the?" Walikuwa watu wangapi? Mmoja anajibu, wawili, bwana. Gabbar anarudia hesabu hiyo polepole kama mwalimu: wao wawili, ninyi watatu, na bado mmerudi. Anamgeukia Samba, aliyekaa juu ya jabali, amuulize serikali imetangaza zawadi kiasi gani kwa kichwa chake. "Poore pachaas hazaar," anajibu Samba, elfu hamsini kamili. Filamu inazidi saa tatu, na aliyecheza Samba, Mac Mohan, anakumbukwa na India nzima kwa maneno hayo matatu.

Halafu Gabbar anafyatua risasi tatu hewani ili zibaki tatu kwa watu watatu, anazungusha bastola, anaielekeza kichwani mwa wa kwanza. Haitoki. Wa pili, haitoki. Wa tatu anaitwa Kaalia. Gabbar anamuuliza sasa itakuwaje kwake. Kaalia anasema, "Bwana, nimekula chumvi yako." "Sasa kula risasi." Nayo haitoki. Gabbar anacheka, na kicheko chake kinawaambukiza wale watatu, kinaliambukiza kundi zima, miamba yote inacheka. Hapo ndipo anapowaua wote. Nimewaona watu wazima, wenye kazi zao za heshima, wakiigiza onyesho hilo sebuleni mmoja akiwa Gabbar na mwingine Kaalia, bila kukosea pumziko hata moja.

Angalia jinsi lilivyojengwa. Swali fupi. Jibu fupi. Wahusika wa kutosha kwa kundi la marafiki kugawana nafasi. Hakuna sentensi inayohitaji picha ili ieleweke. Ndani ya onyesho hilo hilo Gabbar anajisifu kwamba umbali mrefu kutoka hapo, mtoto akilia usiku, mama humwambia alale, la sivyo Gabbar atakuja. Waandishi waliweka kinywani mwa jambazi wao madai kwamba tayari ameshakuwa hadithi ya akina mama, na miaka michache baadaye akina mama wa India walikuwa wanasema hivyo kweli.

Cha ajabu ni kwamba sauti hiyo nusura isisikike. Nafasi ya Gabbar ilikuwa ya Danny Denzongpa, ambaye ratiba yake iligongana na filamu nyingine iliyokuwa ikipigwa Afghanistan. Amjad Khan, aliyeichukua nafasi hiyo, alikuwa hana jina, na wakati wa kazi baadhi ya watu walisema sauti yake haina uzito wa kubeba jambazi mkuu. Ramesh Sippy alimng'ang'ania. Kampuni ya biskuti ya Britannia baadaye ilimchukua Gabbar kutangaza biskuti za watoto. Muuaji asiye na chembe ya huruma, anawauzia watoto biskuti, na wazazi hawakulalamika, kwa sababu kufikia hapo alikuwa mali ya familia.

Ukimsikiliza Gabbar peke yake utakosa nusu ya mambo. Kila mhusika mdogo wa Sholay amepewa neno lake la kuishi nalo. Yuko askari jela anayejigamba kuwa yeye ni wa enzi ya Waingereza. Yuko Soorma Bhopali, muuza mbao mwenye porojo, aliyependwa hivi kwamba mwigizaji wake, Jagdeep, alikuja kumtengenezea filamu nzima mwaka 1988. Yuko Basanti wa Hema Malini, mwendesha mkokoteni wa farasi asiyenyamaza. Na yuko imamu kipofu wa kijiji, aliyechezwa na A.K. Hangal, ambaye kwangu ndiye moyo wa filamu.

Mwanawe imamu, Ahmed, ameuawa na Gabbar na maiti imerudishwa kijijini juu ya farasi. Watu wamekusanyika, hakuna anayethubutu kumwambia mzee. Yeye anasikia tu hewa imebadilika. "Itna sannata kyun hai, bhai?" anauliza. Mbona kimya hivi, ndugu? Wanakijiji, kwa hofu, wanataka Jai na Veeru wakabidhiwe kwa jambazi yaishe. Mzee aliyefiwa ndiye anayekataa. Anasema atamuuliza Mungu kwa nini hakumpa watoto wengine wa kufa kwa ajili ya kijiji hiki. Kijiji kile kina Wahindu wengi na sauti inayokiokoa ni ya Mwislamu. Katika nchi iliyogawanywa kwa damu mwaka 1947, watu walisikia maneno hayo wakajua yanawahusu. Sioni filamu ikiitwa ya taifa bila mahali kama hapo, ambapo taifa linaonyeshwa namna linavyotamani kuwa. Deewaar nayo ina pahali pake: ndugu wawili wamesimama usiku, mmoja anahesabu mali zake, mwingine anajibu kwamba yeye ana mama. Neno hilo moja limeibeba Deewaar miaka yote hii.

Wakosoaji wa 1975 hawakuwa wajinga. Waliona kwamba Sholay imekopa: kutoka kwa Wajapani na wapiganaji wao saba, kutoka filamu za wachunga ng'ombe za Mwitaliano Sergio Leone, na hata kutoka filamu za Kihindi zilizotangulia. Walikuwa sahihi. Walichokosea ni kupima ugeni wa mifupa na kusahau sauti, ambayo ilikuwa ya nyumbani. Gabbar anazungumza kama mtu wa shamba wa kaskazini, Basanti anazungumza kama mchuuzi wa sokoni, na mtazamaji hakuhitaji kujua Leone ni nani.

Pwani yetu inaijua habari hii vizuri, ingawa si kwa Sholay pekee. Majestic ya Zanzibar, Avalon na Empire za Dar es Salaam, Naaz ya Mombasa, zote zilionyesha picha za Kihindi kwa watazamaji ambao wengi wao hawakujua Kihindi. Waliingia wakatoka na nyimbo. Waimbaji wa taarabu wa Mombasa, Juma Bhalo akiwa mbele yao, walizichukua tuni hizo wakazivika mashairi ya Kiswahili, na zikawa zetu. Baadaye wakaja watafsiri wa kwenye vibanda vya video. Tanzania haitamsahau Lufufu, ambaye sauti yake ilisimulia juu ya sauti za waigizaji, na mashabiki wakawa wanarudia maneno ya Lufufu badala ya yale ya filamu. Filamu iliyovuka bahari ilibaki kwa sababu kuna kinywa kilichoibeba.

Baada ya santuri kuja kanda za video, na televisheni ikaingia nyumba nyingi za India kuanzia miaka ya 1980. Hapa naongeza dhana yangu mwenyewe kuhusu zile kura za 1999, 2002 na 2005. Aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1975 alikuwa na 40 mwaka 2005. Alikuwa mhariri wa gazeti, mhadhiri, mwongozaji wa filamu, mwenye kura. Alikuwa amekua akicheza Gabbar na Kaalia uwanjani. Hakuhitaji mtu wa kumshawishi kwamba Sholay ni filamu kubwa, kwa sababu ilikuwa imo kwenye namna yake ya kuzungumza. Filmfare ya 2005 haikuwa imesahihisha hesabu za 1976 kwa kufikiri upya. Watu waliokalia viti walikuwa wengine.

Umiliki nao ulisaidia kwa upande mmoja na kukwaza kwa upande mwingine. Ram Gopal Varma alipoitengeneza upya mwaka 2007, akampa Bachchan mwenyewe nafasi ya jambazi, watazamaji waliikataa vibaya na familia ya Sippy ikaenda mahakamani kutetea haki zake. Mwaka 2014 Sholay ilirudi kwenye kumbi kwa picha ya pande tatu. Jina lililindwa, lakini filamu yenyewe, utepe ule wa kushika kwa mkono, haikulindwa kwa kiwango hicho. Negativu asilia, yaani utepe uliopigwa ndani ya kamera, iliharibika sana, na ya nakala zote za milimita 70 zilizowahi kujaza pazia la Minerva haikubaki hata moja.

Hapo ndipo wengi hushangaa. Tunadhani filamu ikishapendwa na watu wote itakuwa salama. India ina fundisho chungu kuhusu hilo. Alam Ara ya mwaka 1931, filamu yake ya kwanza yenye sauti, imepotea. Kila kitabu cha historia kinaitaja na hakuna anayeweza kuiona. Hifadhi ya Taifa ya Filamu ilianzishwa Pune mwaka 1964, na mkuu wake wa miaka mingi, P.K. Nair, alitumia maisha yake kufukuzia makopo ya filamu kabla hayajayeyushwa kwa ajili ya madini ya fedha yaliyomo kwenye utepe. Sifa haizuii kuoza.

Sholay iliokolewa na Film Heritage Foundation ya Mumbai, ndiyo Bombay ya zamani, taasisi iliyoanzishwa na Shivendra Singh Dungarpur, kwa kushirikiana na Sippy. Walifuatilia vipande vilivyokuwa maghalani Mumbai na Uingereza, wakafanya kazi kwa miaka. Tarehe 27 Juni 2025 filamu ilionyeshwa usiku, hewani wazi, kwenye uwanja wa Piazza Maggiore mjini Bologna, Italia. Na waliokuwepo waliona mwisho ambao India haikuwahi kuuona ukumbini mwaka 1975.

Mwisho huo una historia yake. Indira Gandhi alitangaza hali ya hatari tarehe 25 Juni 1975, wiki saba kabla ya filamu kutoka. Katika mswada, Thakur Baldev Singh, ofisa wa zamani wa polisi ambaye Gabbar alimkata mikono yote miwili na kuiua familia yake, anamkanyaga Gabbar kwa viatu vyenye misumari mpaka anamuua. Sanjeev Kumar, aliyemcheza Thakur, ndiye mwigizaji mzito kuliko wote humo ndani, na filamu nzima inaelekea kwenye miguu yake. Bodi ya ukaguzi ilikataa. Ofisa wa polisi, hata mstaafu, hawezi kujichukulia sheria mkononi. Sippy hakuwa na nafasi ya kubishana katika majira yale. Mwisho ukapigwa upya: askari wanafika dakika ya mwisho, wanamkumbusha Thakur sheria, na Gabbar anachukuliwa akiwa hai. Kifo cha Ahmed nacho kilipunguzwa. Tunamwona Gabbar akimtazama chungu anayetambaa mkononi mwake, anamponda, kisha tunaona farasi na maiti.

Kwa hiyo kwa nusu karne India ilikariri, neno kwa neno, filamu ambayo sehemu yake iliandikwa na wakaguzi wa hali ya hatari. Kile kipande cha chungu, nasema wazi, ni kikali kuliko mauaji yoyote ambayo yangeonyeshwa, na kilibaki kwa sababu mkasi ulipita hapo. Mwisho wa askari ni dhaifu. Mtu aliyeteseka vile anazuiwa na hotuba, na mtazamaji anaona kabisa kwamba kuna mkono wa nje umeingia.

Sasa zipo Sholay mbili. Ramesh Sippy ana haki ya yake, na wanaoitazama kwa mara ya kwanza waanze na hiyo, kwa sababu hesabu yake inafunga: kisasi kilichoahidiwa kinalipwa, na tunaona kinavyomwacha Thakur mtupu. Lakini nisingependa toleo la askari litupwe stoo kama nakala mbovu. Hilo ndilo lililokaa Minerva miaka mitano, na ndilo lililopigiwa kura zote zile. Lihifadhiwe kwa uangalifu uleule, na santuri ya Polydor iwekwe pembeni yake kwenye rafu hiyo hiyo.